Gurudumu la Kisimani

Bi Fatma alikuwa ameliinamia gurudumu, mkono wa kushoto kaukinga chini ya spoki kana kwamba ingeweza kudondoka wakati wowote, na mkono wa kulia ukisukuma brashi laini kwenye kiungo ambamo tope lilikuwa limekaa tangu zama za Warumi. Mimi nilishika mpira wa maji. Kazi yangu ilikuwa ndogo: kuifuata brashi yake kwa maji yasiyopiga kwa nguvu na yasiyokatika.

"Teremsha kidogo," alisema.

Nikateremsha.

"Hapo hapo. Usinipe mvua, Ombeni. Nipe umande."

Nikabana mdomo wa mpira kwa kidole gumba mpaka maji yakatoka kama pumzi. Tope jeusi lililegea, likashuka polepole juu ya sifongo lililokuwa chini ya gurudumu, na chini yake ikatokea mbao ya rangi ya chai ya rangi. Bi Fatma alihamia kiungo kinachofuata.

Lilikuwa gurudumu la gari la kukokotwa, la ng'ombe au la farasi, hakuna aliyejua kwa hakika. Wanaakiolojia walilitoa chini ya kisima cha kale, kwenye magofu ya kambi ya askari wa Kirumi huko kaskazini mwa Ulaya. Tope la kisimani lilikuwa zito, hewa haikupita, ndiyo maana mbao haikuoza. Watu wa makumbusho ya huko hawakuwa na mashine kubwa ya kulikausha. Sisi tulikuwa nayo. Kwa hiyo likavushwa bahari ndani ya sanduku lenye maji, likaletwa Manassas, hapa Virginia, Amerika, kwenye karakana yetu iliyobanwa kati ya fundi wa vioo vya magari na ghala la mazulia, karibu na reli.

Mbao iliyokaa majini muda mrefu namna ile haina tena nguvu yake. Nililisoma jambo hilo kwenye vitabu vya ofisini wakati wa chakula cha mchana, maana kazi hii sikuisomea shuleni. Nilianza kwa kupakua masanduku. Kinachoishikilia mbao ya namna hiyo ni maji yaliyomo ndani yake. Yakitoka ghafla, mbao inajikunja, inapasuka, na usipoangalia unabaki na makapi. Ilibidi kwanza isafishwe, halafu iloweshwe kwa muda mrefu kwenye maji yenye nta, mpaka nta ishike nafasi ya maji, ndipo ikaushwe kwa baridi ndani ya mashine. Kabla ya hapo, kukauka kulikuwa mwiko. Kila tulipoondoka gurudumu lilifunikwa kwa vitambaa vya pamba vilivyolowa, juu yake karatasi la nailoni, na kingo zote za nailoni zikabanwa kwa selotepu.

Sheria hiyo aliiweka Dokta Jerotich, mkubwa wetu, Mkenya wa Eldoret aliyesomea uhifadhi wa vitu vya kale Uingereza. Na Jerotich huyo ndiye aliyempa Bi Fatma gurudumu lote. Kabla ya hapo mtu kama mimi au Bi Fatma alipewa kipande: ubao wa jahazi, mguu wa kiti. Wenye gurudumu waliuliza kwa barua ni nani atakayelishika, naye akawajibu kwamba anamjua na anamdhamini. Alituambia wazi, bila kututisha: likiharibika watalichukua, na jina la karakana litakwenda nalo. Tangu siku hiyo Bi Fatma hakumruhusu mtu mwingine kulifunika wala kulifunua.

Alikuwa mwanamke wa makamo, Mzanzibari wa mtaa wa Malindi, mnyamavu, mwenye mikono mikubwa kuliko umbo lake. Tulikaa majengo jirani upande wa mji wa Falls Church, nyuma ya barabara ya Route 7, na kwa kuwa hakuendesha gari, asubuhi nilimpitia. Watu wetu walimjua kwa kazi nyingine. Mwanamke wa Kiislamu akifariki huku, awe wa Mombasa, wa Pemba au wa Moroni, Bi Fatma ndiye aliyeitwa kumwosha. Hakuchukua malipo. Nami nilikuwa nimekwisha kuona kwamba gurudumu alilianza upande wa kulia kila siku, na kila sehemu aliimwagia maji mara tatu. Niliwahi kumtajia jambo hilo.

"Ah," alisema, akacheka kidogo. "Mie sijui kuosha namna nyengine."

Spoki moja haikuwa kama wenzake. Ilikuwa ya mti mwingine, nyekundu zaidi, imechongwa kwa haraka, na pale ilipoingia kwenye kitovu kulikuwa na kabari nyembamba ya kuizuia isicheze. Jerotich alituonyesha kwamba ukingo ulikuwa umesagika sawasawa, hata pale penye spoki hiyo. Maana yake ilipovunjika ile ya kwanza, mtu aliweka hii, na gari likaendelea na safari kwa muda mrefu. Bi Fatma aliiita "mgeni." Aliiacha iwe ya mwisho kuoshwa.

Tulikuwa bado hatujaifikia mlango wa ofisi ulipofunguka.

"Mama Fatma, simu yako," alisema Jerotich. "Ni Mzee Wazir. Sauti yake si poa."

Bi Fatma aliilaza brashi, akajifuta mikono taratibu, kila kidole peke yake. Nadhani alijua. Wazir alikuwa mume wa Ummu, na Ummu alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa figo. Bi Fatma na Ummu walikuja Amerika pamoja, wote wawili yaya katika nyumba za mabalozi, na walikula kiapo jikoni kwa watu, wakiwa bado wasichana: atakayebaki amwoshe mwenzake.

Alirudi akasimama karibu na gurudumu, si karibu yetu.

"Ummu katangulia," alisema.

"Ngai! Pole, Mama. Pole sana." Jerotich alimshika bega. "Enda. Enda saa hii. Na kesho usikuje, wala wewe Ombeni, umpeleke kila mahali anataka. Mimi niko na ile mkutano ya Philadelphia, nafunga ofisi na niko kwa road. Mlifunike vizuri, tuonane Monday."

"Nitamfunika mie," alisema Bi Fatma. "Ombeni, kawashe gari lipate joto."

Ilikuwa Februari, na kioo cha gari kilikuwa kimeganda. Nilikikwangua mpaka njia ikaonekana. Niliporudi kumwita, nilisimama mlangoni. Hita ilikuwa ikivuma juu ya dari. Bi Fatma alikuwa anafunga fundo la mwisho. Gurudumu lote lilikuwa limefunikwa kwa nguo nyeupe, imekunjwa vizuri pembeni, imefungwa kwa vitambaa vyembamba vya nguo ileile, na kwa mbali lilionekana safi mno, kama kitu kilichotayarishwa kwa ajili ya sikukuu. Sikuingia. Alipotoka nilizima taa.

Njiani, kwenye barabara ya 66, alisema mara moja tu.

"Alikuwa hapendi maji baridi."

"Bi Ummu?"

"Mmh. Nitamtilia ya vuguvugu."

*

Siku ya pili, Ijumaa, tulisimama nje ya chumba cha kuoshea, nyuma ya msikiti, wanaume peke yetu, mikono mifukoni. Ndani walikuwa Bi Fatma na wanawake wawili wa kumsaidia. Tulisikia maji yakimwagika, yakinyamaza, yakimwagika tena. Harufu ya karafuu maiti ilitoka chini ya mlango.

Wazir alikaa kwenye kiti cha kukunja, akiangalia viatu vyake. Nassor, Mpemba mwenye teksi, alimtazama, akanigeukia mimi.

"Na huyu Mpare tangu lini kasilimu?"

"Nimemleta Bi Fatma," nilisema.

"Umemleta? Ajabu. Mpare kuchoma petroli yake kwa ajili ya mtu. Wazir, andaa wakili. Huyu kesho atatupeleka mahakamani Upper Marlboro kudai nauli."

"Upper Marlboro ni Maryland, Nassor. Hapa ni Virginia."

"Unaona? Keshapeleleza mahakama zote!"

Wazir alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikaisha vibaya, akajifuta macho kwa kofia yake. Nassor alimwekea mkono mgongoni, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mwosha huoshwa, sheikh wangu. Sote tuko njiani."

"Ummu alisema Fatma atamwosha," Wazir alisema. "Alilisema hata jana asubuhi. Nikamwambia, atakuwa kazini. Akasema, atakuja."

Bi Fatma alipotoka, kanga yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Wazir alisimama.

"Kaoshwa vyema?"

"Kaoshwa vyema, Wazir. Kalala kama mwenye usingizi wake."

Baada ya sala tulimzika. Ardhi ilikuwa imeganda, na kaburi lilichimbwa kwa mashine, jambo ambalo wazee walilinung'unikia. Bi Fatma hakwenda makaburini. Nilimwacha kwa Wazir, amekaa kwenye zulia na wanawake wengine, mikono yake imelala mapajani kama vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

*

Jumatatu asubuhi nilidhani atabaki matangani. Nilipompitia kwa Wazir kumuaga nilimkuta chini, kwenye ngazi, amevaa koti.

"Watu watasemaje?" nilimuuliza.

"Ummu ana watu wengi pale. Yule kule hana mtu."

Tulifika kabla ya Jerotich. Nilifungua mlango, na jambo la kwanza nililolihisi ni harufu. Karakana yetu siku zote ilinukia tope na maji. Asubuhi ile ilinukia kama ghala la nyasi kavu. Nilisimama nikijiuliza ni nini kilichoachwa wazi. Bi Fatma alikuwa amekwisha kunipita.

Alilifikia gurudumu, akaweka kiganja juu ya nguo. Nguo ikatoa sauti, kama karatasi.

"Nailoni iko wapi?" aliuliza.

Wote wawili tuliiona. Bunda la nailoni lilikuwa limesimama ukutani, mahali pake, na selotepu juu yake. Halikuguswa.

Bi Fatma aliitazama ile nguo muda mrefu. Mkunjo wa kushoto ulikuwa umelazwa kwanza, wa kulia ukaja juu yake. Vitambaa vya kufungia vilikuwa vitatu: juu, katikati na chini. Hata mimi, mtu wa kanisani, niliyeona mwili wa Bi Ummu ukitolewa Ijumaa ile, nilielewa nilichokuwa nakitazama.

"Nimemvika sanda," alisema.

"Bi Fatma..."

"Nilimaliza kwa nguo. Maiti humalizii nailoni, Ombeni. Unamaliza kwa nguo, unafunga, umekwisha. Mikono yangu ilikuwa ishafika kwa Ummu."

Akaanza kufungua mafundo, kuanzia lile la juu, kama yanavyofunguliwa kaburini. Nguo ya juu ilikuwa kavu kabisa. Ya pili ilikuwa na unyevu hapa na pale. Chini, palipogusa sifongo, mbao ilikuwa bado imelowa. Lakini ukingo wa juu, ule ulioelekea kwenye hita, ulikuwa umepauka. Mbao ilikuwa imenyanyuka vipande vidogo kama magamba ya samaki, na ufa ulipita ndani yake kutoka kiungo kimoja hadi cha pili. Karibu na spoki ya mgeni ufa uligawanyika mara mbili.

Nilikimbilia mpira wa maji. Sikufikiri. Nilikuwa nimeshafungua bomba nikageuka nao, ndipo nikasikia sauti mlangoni.

"Ombeni, weka hiyo chini!"

Jerotich alikuwa bado na mkoba begani. Aliudondosha, akaja akanishika mkono.

"Ukimwaga saa hii unaimaliza. Nje itafura kabla ya ndani, na itapasuka yote. Funga. Funga hiyo maji."

Nikafunga. Tulisimama watatu, na maji yaliyobaki kwenye mpira yakadondoka sakafuni.

"Nani alifunika?" aliuliza Jerotich.

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na maneno tayari, na hayakuwa ya uongo mtupu. "Dokta, hii hita ilikuwa..."

"Nyamaza, mwanangu," alisema Bi Fatma. "Hita haikumfunika. Nimemfunika mie, Dokta. Nilitia nguo, sikutia nailoni. Nimemfunika kama ninavyofunika watu."

Jerotich alivuta kiti kirefu, akakaa. Alivua glavu za baridi, akaziweka gotini. Nilitegemea apaze sauti, na nadhani ingekuwa nafuu. Aliutazama ule ufa kwanza, kutoka mwanzo wake mpaka mwisho, halafu akamtazama Bi Fatma.

"Hii kitu ilikaa kwa kisima karibu miaka elfu mbili," alisema. "Vita zikapita juu yake. Na sisi tumeikausha kwa weekend moja."

"Ndiyo."

"Niliwaambia hao watu nakujua mikono yako."

"Ndiyo, Dokta."

"Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie ilivyokuwa."

Jerotich alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa. "Aki, Mama Fatma," alisema. "Ungenipigia simu. Ungesema huwezi. Ningefunika mimi."

"Niliweza," alisema Bi Fatma. "Hilo ndilo kosa. Niliona naweza."

Jerotich aliingia ofisini akafunga mlango. Tulimsikia akipiga simu Ulaya, akizungumza Kiingereza cha polepole na cha heshima, akinyamaza, akizungumza tena. Bi Fatma alikuwa amesimama palepale. Hakuligusa gurudumu. Alikuwa ameirudisha mikono nyuma, ameishikanisha, kama mtoto aliyekatazwa.

"Nimewaosha wengi hapa," aliniambia. "Wengine hata ndugu zao sikuwajua. Sikumkosea hata mmoja, kwa ninavyojua. Na huyu hakuwa maiti, Ombeni. Kaletwa kwetu ili asife. Mie ndiye niliyemfanya maiti."

Nimelifikiria jambo lile mara nyingi. Ni kweli alikosea. Ni kweli pia kwamba nilisimama mlangoni, nikaona weupe ule, nikaupenda, nikazima taa. Kila nikijaribu kulipima kosa lile sipati pa kuweka jiwe la mizani.

Mlango wa ofisi ulifunguka.

"Wanatuma mtu wao," alisema Jerotich. "Atafika katikati ya wiki. Anataka kuona kila kitu vile kiko." Alimgeukia Bi Fatma. "Wamesema mikono ibadilishwe."

"Ni haki yao," alisema Bi Fatma mara moja.

"Ni haki yao. Nimewaambia nimesikia."

"Basi nitavua aproni."

"Bado sijamaliza." Jerotich alilikaribia gurudumu, akainama, macho yake sawa na ufa. "Mama, siwezi kukudanganya eti hakuna kosa. Kuna kosa, na huu ufa utakaa hapa hata sisi tukiwa tumekufa. Lakini huyo mtu akifika, atapata gurudumu gani? Upande mmoja kavu, upande mmoja maji? Hivyo ndivyo litaisha. Lazima lirudishiwe unyevu kuanzia leo, na lirudishiwe pole pole kabisa. Mimi najua inafanywa aje. Lakini kila kiungo hapa, ni gani imeshika na ni gani inacheza, mwenye amezishika zote ni wewe."

"Watu wako wamesema mikono ibadilishwe."

"Akifika, atabadilisha mwenyewe kama anataka. Nitasimama kando yako nimwambie ni wewe ulifunika, na nimwonyeshe vile unafanya kazi. Akisema no, ni no, na sitabishana na yeye. Lakini leo sina wagonjwa wawili. Nina mmoja, hili gurudumu."

Bi Fatma aliitoa mikono yake nyuma, akaitazama pande zote mbili.

"Naogopa kumshika," alisema.

"Hata mimi naogopa," alisema Jerotich. "Kwa hivyo tutashika pole pole."

*

Tulizima hita. Tulivaa makoti chini ya aproni. Jerotich alituonyesha: si maji ya mpira, bali vitambaa vilivyokamuliwa mpaka havidondoshi, vimewekwa karibu na mbao bila kuigusa, ili hewa yenyewe ipate unyevu kwanza. Baadaye pamba nyembamba, tone kwa tone, ikianzia palipolowa na kupanda kuelekea palipokauka. Akisema tusimame, tusimame, hata kama inaonekana mbao inataka zaidi.

"Hasa ikionekana inataka zaidi," alisema.

Bi Fatma alisogeza brashi, akaisimamisha kabla haijagusa. Akaivuta nyuma, akashusha pumzi, akaanza tena, na safari hii hakuanza upande wa kulia. Alianzia chini, palipokuwa pazima, akafuata unyevu ulipoelekea. Jerotich alikuwa mbele yake ng'ambo ya gurudumu, na kwa saa nyingi hawakusema ila maneno ya kazi.

"Hii inacheza?"

"Hiyo inacheza. Pitia chini yake."

"Na hii?"

"Hiyo imeshika. Unaweza kuiegemea."

Mchana nilileta chai, na Jerotich akaionja akasonya.

"Hii ni nini, Ombeni? Umechemsha majani ya jana?"

"Ndiyo tuliyo nayo, Dokta."

"Watanzania mko na bahati mnaongea vizuri. Chai hamjui."

"Mie Mzanzibari," alisema Bi Fatma bila kuinua kichwa. "Usinitie kwenye chai ya Mpare."

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kwa yeyote kati yetu kucheka, na hatukucheka sana. Wazir alipiga simu kumuuliza kama atarudi usiku kwa ajili ya kisomo cha Ummu. Bi Fatma alimwambia atarudi. Alirudi kwenye brashi yake.

Jioni magamba mengi yalikuwa yamelala. Rangi ya chai ilikuwa imeanza kurudi kwenye ukingo, mabaka mabaka. Ufa haukuondoka. Ulikuwa umejibana kidogo tu. Ukucha bado uliingia. Tulikuwa tumefika karibu na spoki ya mgeni, pale ufa ulipogawanyika, Jerotich aliponyoosha mgongo.

"Hapo tusiguse leo. Mbao imechoka, na sisi tumechoka. Tukilazimisha tutapoteza hata kile tumepata."

Bi Fatma alibaki ameinama. Kidole chake kilikuwa juu ya ile kabari nyembamba aliyoipigilia mtu fulani kando ya barabara fulani, ili spoki isiyofanana na wenzake ikae. Aliondoa kidole.

Tulilaza vitambaa vilivyolowa, kimoja baada ya kingine. Halafu nikalileta bunda la nailoni, nikalikunjua, tukashika pembe, mimi huku na yeye kule. Karatasi lilibaki hewani kati yetu, likitetemeka. Aliona vigumu kulishusha. Nilimwona akilitazama gurudumu chini yake, jeupe tena kwa zile nguo.

"Huyu bado," alisema.

Akashusha upande wake. Nami nikashusha wangu. Jerotich alizunguka na selotepu, na Bi Fatma akamfuata akibana kila ukingo kwa kidole gumba, mara moja, kisha tena, mpaka ukungu wa unyevu ukaanza kuonekana ndani ya nailoni.

Brashi hakuirudisha kwenye mkebe. Aliilaza juu ya meza, ncha yake imeelekea kwenye spoki ya mgeni.

"Kesho tuanzie hapa," alisema, akaenda kutafuta koti lake.